Utulivu wa Wakamwana

Ukuta ulipowaka kijani, ukumbi mzima wa baraza la Isanga Mpya ulilipuka kwa makofi. Nkwimba Sayi naye akapiga, maana mwenyekiti asiyeushangilia ushindi wake mwenyewe huanza kuulizwa anaumwa nini. Lakini chini ya meza mguu wake wa bandia ulikuwa ukivuma. Mguu ule ulikuwa na injini ndogo gotini, na injini ilifuata mishipa ya paja. Mwenye paja asipotulia, nayo haitulii. Katibu aliyeketi pembeni yake alishauzoea mvumo huo, lakini siku hiyo hata yeye aligeuka kutazama.

Nkwimba hakujua kilichomkera. Hoja ya bwawa ilikuwa imepita, tena imepita vizuri. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma mno. Mtoto wa shule akiambiwa kwamba lilipo soko zamani zilitia nanga meli, alicheka akidhani anataniwa. Mji ulihitaji maji. Bwawa lingejengwa Bonde la Luhanga, majaruba ya mpunga yaliyokuwa humo yangezama, na wenyewe wangepewa mashamba mengine mlimani. Watu wote walikuwa wamevaa vikuku vya baraza mkononi, hoja ikasomwa, vikuku vikasikiliza miili yao, na mtambo ulioitwa Sikizi ukajumlisha mioyo ya ukumbi mzima bila kutaja upi ni wa nani. Nyekundu ilikuwa upinzani, njano mashaka, kijani ridhaa. Na kijani cha siku ile hakikuwa cha kubabaisha. Kilikolea kama mpunga baada ya mvua.

Labda ndicho kilichomkera. Watu wa Isanga hawakuwahi kukubaliana namna ile hata juu ya siku ya kufagia soko.

Zamani, kabla ya Sikizi, watu walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Aliyenyoosha mkono upande usiotakiwa alifuatwa nyumbani, na asubuhi majirani walimkuta na uso uliovimba. Wanawake wakaacha kunyoosha mikono, kisha wakaacha kuhudhuria. Ndipo ukaletwa mtambo, na pamoja nao sheria ambayo hata watoto waliijua: marufuku kumuuliza mtu moyo wake. Bubu, mkamwana, mgeni, aliyelala kitandani hospitali, wote walifungwa kikuku na wote wakahesabiwa. Na ni mtambo huohuo uliomtoa Nkwimba, msichana ambaye mguu wake ulisagwa na trekta ya kulimia majaruba, ukamweka kwenye kiti alichokalia Mzee Malale tangu Nkwimba akiwa mdogo. Nkwimba aliupenda ule ukuta. Aliupenda kama mtu anavyompenda shahidi aliyesimama upande wake.

*

Kesho yake aliteremka bondeni kutazama mipaka ya bwawa. Alimkuta Holo, mkamwana wa Mzee Malale, ameinama kwenye jaruba lake akikata mpunga ambao haujakomaa hata nusu. Alikuwa akikata kwa hasira, na mafungu yamelala hovyo tutani.

Nkwimba alimsalimu, akamweleza kwa upole kwamba hakuna haja ya haraka, maji hayataachiwa hadi watu wavune. Na isitoshe, kikao cha kuthibitisha hoja kilikuwa bado, Jumamosi ijayo. Holo hakuinuka.

"Heri uliwe na ng'ombe kuliko kumezwa na maji," alisema. "Dada, niache nikate changu kabla hakijawa cha watu."

Kwa sheria Nkwimba alipaswa kuondoka hapo hapo. Mguu ukavuma, yeye akabaki. Akasema tu kwamba ukuta ulikuwa kijani, na kijani kile kisingepatikana kama wenye majaruba wangekuwa na kinyongo. Hapo Holo akanyoosha mgongo, akamtazama mwenyekiti wake kwa muda kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza mbona mwezi hauanguki.

"Baba mkwe alikuwa amekaa benchi la mbele yangu," alisema. "Kwani wewe hukufundishwa?"

Nkwimba hakufundishwa. Hapo ndipo Holo alipomweleza, akiangalia huku na huku. Binti anapokaribia kuolewa, shangazi zake humkalisha ndani kwa majuma na kumfundisha kutuliza mtungi. Pumzi inashushwa hadi chini ya kitovu. Ulimi unalala kwenye kaakaa. Unawaza maji yaliyotekwa sasa hivi, yenye tope, na unayaacha yatulie mpaka uone chini. Baba mkwe akiingia, mtungi unatulia, akikutukana, unatulia, akimsifu mwanawe anayekupiga, unatulia. Mkamwana hasemi mbele ya baba mkwe, hamkabili uso, na aliyelelewa vizuri hata moyo wake haupigi kelele. Baada ya miaka, mwili hujifanyia wenyewe.

"Niliona shingo yake tu," Holo alisema. "Hoja ikasomwa. Nilikuwa nalia kwa ndani, dada, lakini mwili ukatulia."

Jaruba lile, aliongeza, lilikuwa na hati yenye jina lake. Nkwimba alijua, maana hati za wanawake walioolewa mjini hapo alizisaini yeye mwenyewe. Mashamba ya mlimani yangeandikwa kwa ukoo, na ukoo maana yake ni Mzee Malale.

"Usinitaje," Holo alimwomba. "Nitaishi vipi nyumba ile?"

Nkwimba alipanda njia ya kurudi mjini akiwa ameumia mahali ambapo hakutegemea. Aliwakumbuka shangazi zake walipokuja kuwafundisha dada zake. Mlango ulifungwa, na yeye akatumwa uani kuwafukuza ndege kwenye mpunga ulioanikwa, kwa sababu nani angemwoa binti wa mguu mmoja? Alililia jambo hilo miaka mingi. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba siku moja kunyimwa kule kungemfanya kipofu wa yale waliyofundishwa wenzake, na kwamba yeye, aliyepigania waliofungiwa nje, angekuwa nje ya jambo wanalolijua wanawake wote wa mji.

*

Chumba cha Sikizi kilikuwa nyuma ya ukumbi, kina joto na harufu ya kinyesi cha popo. Gindu, mhandisi wa mtambo, alikuwa kijana mpole aliyezoea kuongea na mashine kuliko na watu. Nkwimba alimweleza bila kumtaja Holo. Gindu alisikiliza, akakuna kidevu, kisha akawasha kioo.

Kikuku, alieleza, hakisomi mawazo. Hakuna chombo kisomacho mawazo. Kinapima mapigo ya moyo, jasho la kiganja na urefu wa pumzi. Sikizi ilifundishwa huko miji mikubwa kwa maelfu ya watu waliojitolea: wanasomewa jambo, wanapimwa, kisha wanaulizwa kama wamelikubali au la. Waliokataa, mioyo yao ilipanda. Walioridhika, ilishuka. Mtambo ukaishika kanuni hiyo kama mwanafunzi mzuri, na kanuni ilikuwa sahihi kwa wale waliopimwa. Hakuna aliyekumbuka kupima mtu aliyeketi nyuma ya baba mkwe wake.

Kwenye kioo likatokea umbo la kilima, mioyo ya ukumbi siku ya bwawa ikiwa imepangwa kwa mapigo, na pembeni yake kilima kingine kidogo, mbali upande wa mioyo ya chini. Gindu akakiri kwamba alishakiona siku nyingi.

"Nilidhani ni wazee waliosinzia," alisema.

Nkwimba akacheka, na kicheko kikakatika. Ilibidi aulize swali lililofuata. Asingeweza kulala bila kuliuliza. Alimwambia Gindu afungue siku ya uchaguzi wake. Gindu akasita, akafungua. Kilima kidogo kilikuwepo, tena kikubwa kuliko cha bwawa. Siku ile wakwe wote walijaa ukumbini na wakamwana wao nyuma yao, na mitungi ilitulizwa hasa liliposomwa jina la mwanamke anayetaka kiti cha mzee. Ukikiondoa kilima kile, jina la Nkwimba Sayi liliangukia njano, na la Mzee Malale likapanda juu yake.

Nkwimba alihisi aibu ikimpanda kama homa, halafu hofu, halafu hasira kwa kila kitu. Hati za majaruba, mkalimani wa viziwi zahanati, ngazi za jukwaa la ukumbini zilizobomolewa ukawekwa mteremko ambao yeye na wenzake wangeweza kuupanda, yote yalitoka kwenye kiti kile. Akilifunua hili hadharani, Malale angedai kiti, wapenda mikono wangedai mikono, na wanawake wangerudi jikoni. Akinyamaza, Jumamosi ukuta ungewaka kijani tena na jaruba la Holo lingezama kwa idhini ya Holo mwenyewe.

Gindu ndiye aliyetoa njia. Angeweza, alisema akiangalia kibodi, kugeuza kanuni kidogo. Moyo ukishuka kupita kiasi, uhesabiwe upinzani. Jumamosi ukuta ungekuwa mwekundu, bwawa lingekufa, na hakuna mtu angejua kitu.

"Lakini wapo waliotulia kwa kuwa wameridhika kweli," aliongeza. "Hao nitakuwa nimewasemea."

"Fanya," Nkwimba alisema, akatoka upesi asije akasikia alichosema.

*

Alizunguka mji alasiri nzima. Aliingia sokoni, hakununua kitu. Alikwenda zahanati, akasahau alichoendea. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na yeye siku zote aliuchukulia msemo huo kuwa wa kuwatisha watoto. Sasa alimtazama kila mwanamke aliyepita na mzigo kichwani na asijue kama ule uso mtulivu ni amani au ni kazi.

Karibu na ofisi ya maji alikutana na Mzee Malale, anatembea polepole na mkongojo wake. Walisalimiana kwa heshima kama wapinzani wanaoheshimiana. Nkwimba alitaka kupita. Mzee akamzuia, akasema ana neno la shukrani, na Nkwimba akajiandaa kwa kijembe. Hakikuja.

"Binti yangu, siku ile nilikaa mbele makusudi nisimwone mkamwana wangu," mzee alisema. "Niliogopa atalia. Lile jaruba analipenda. Nilipoona kijani nilimshukuru Mungu, nikasema basi, karidhika."

Alisema kwa dhati, na macho yake ya kizee yalikuwa na machozi. Nkwimba alisimama pale barabarani kama mtu aliyemwagiwa maji. Miaka yote alimwona Malale kama jiwe lililoziba mlango, na kumbe naye alikuwa akiusoma ukuta uleule kwa matumaini yaleyale. Jumamosi ukuta ungemwonyesha nyekundu, naye angesema, basi, kakataa; lakini hiyo ingekuwa sauti ya Gindu chumbani mwa popo. Holo angekuwa hajasema neno, si kwa kijani wala kwa nyekundu.

Mzee alipokwisha kwenda zake, Nkwimba akampigia Gindu simu. Alimwambia asiguse kitu. Gindu alishusha pumzi kwa nguvu hadi ikasikika, akasema kwamba kwa kweli hakuwa ameanza, alikuwa ameketi tu mbele ya kioo akitafuta ujasiri.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Vikuku vilifungwa, wakwe wakaketi mbele, wakamwana nyuma. Katibu alipoinuka kusoma hoja, Nkwimba alimwomba akae, kisha akafungua kikuku chake na kukiweka mezani.

Aliwaambia yote. Aliwaeleza namna mtambo ulivyofundishwa, na kwamba kuna watu humu ndani waliofunzwa utulivu ambao mtambo hauujui. Hakumtaja yeyote. Kisha akafika kwenye uchaguzi wake.

"Sijui kama mlinichagua," alisema. "Ukuta nao haujui. Nimekaa hapa kwa ridhaa ambayo labda haikuwepo."

Minong'ono ikaanza, ikapanda. Mzee Malale akainuka na mkongojo wake.

"Kwa hiyo kiti hicho ni changu," alisema.

"Huenda, mzee wangu," Nkwimba alimjibu. Hakuna jibu lililowahi kumuuma kinywani kama hilo.

Ukumbi ukavurugika. Wengine walitaka mtambo ung'olewe leo hii, warudi kwenye mikono. Wengine wakawakumbusha nyuso zilizovimba zama za mikono, na zama hizo zilikuwa za nani, na mzee akainamisha kichwa. Mwingine akapendekeza kila mkamwana aitwe mbele aulizwe, akapigiwa kelele kwamba sheria inakataza, na hata isingekataza, ungemuulizaje mbele ya mkwewe? Nkwimba alikuwa amebomoa nyumba, na hakuwa na hata nguzo moja ya kuanzia nyingine. Alijiona mjinga. Alitamani angemwacha Gindu afanye kazi yake.

Ndipo Holo akainuka.

Hakwenda mbele. Alitoka kwenye benchi lake, akawapa mgongo watu wote, akaenda hadi kwenye ukuta wa Sikizi, ubavuni mwa ukumbi, uliokuwa umezimwa na kupiga magoti, uso wake karibu uguse kioo. Wanawake waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza kwanza, kwa kuwa wao walielewa kabla ya wanaume. Katika nyumba za Isanga kuna siku mkamwana anabaki peke yake na baba mkwe, hakuna mtoto wa kutumwa wala jirani wa kupeleka neno, na neno lipo. Basi mkamwana huliambia jiko, au mlango, au kinu: wee kinu, mwambie aliyeko uani chakula tayari. Mzee husikia, naye hukijibu kinu. Ni jambo la uani, la kila siku, na hakuna aliyewahi kufikiri kulileta barazani.

"Wee ukuta," Holo alisema, na sauti ilisikika hadi mlangoni. "Mwambie anayehusika kwamba katika mji huu jina langu limeandikwa mahali pamoja tu, na mahali penyewe mnapazamisha. Mlimani nitalima. Ila nitakuwa nalima cha mtu."

Watu walimtazama Mzee Malale. Alibaki amesimama muda mrefu hivi kwamba katibu alinyanyuka kumpa kiti, akakikataa kwa mkono. Kisha naye akajikokota hadi ukutani, mbali na mkamwana wake, akakiangalia kioo.

"Wee ukuta," alisema, "mwambie aliyesema kwamba nimesikia. Mwambie mimi nilidhani nimemsikia tangu siku ile." Akaegemea mkongojo wake. "Na umuulize: maji ya mji tutayatoa wapi?"

Kicheko kidogo kilipita ukumbini, cha watu walioanza kupumua. Holo hakucheka. Alijibu, akiuambia ukuta, kwamba yeye si adui wa maji, naye ana watoto wenye kiu. Bwawa lijengwe, lakini hati za mlimani ziandikwe kwa majina yaleyale yaliyo kwenye hati za bondeni, moja kwa moja, kabla tone halijaingia. Mzee akauambia ukuta kwamba hilo halina ubaya, na kwamba yeye angekuwa wa kwanza kusaini. Akarudi kuketi, safari hii benchi la nyuma kabisa.

Baada ya hapo watu walifuatana ukutani bila kuitwa. Mmoja akataka bonde libaki. Mwingine akasema bonde lina mbu, lizame hata kesho, na wenzake wakamzomea. Wapo waliokuwa wameridhika kweli tangu mwanzo, na walisema hivyo kwa ukali, maana walichukia kudhaniwa wanalia kwa ndani. Gindu alikuwa ametoka chumbani mwake akisikiliza mlangoni, mdomo wazi. Nkwimba alihisi furaha ikimjia kwa fujo, furaha isiyo na starehe, maana kila aliyesema alizidi kuifanya kazi kuwa ngumu.

Akaja Mama Ngolo, mjane mwenye mwili mkubwa, aliyefiwa na baba mkwe zamani lakini akapiga magoti hata hivyo.

"Wee ukuta," alisema, "neno langu ni la mwenyekiti, na sitaki kumtazama usoni nisije nikamhurumia. Siku ya uchaguzi sikumtaka. Nilisema, mtu wa mguu mmoja anatupeleka wapi? Mkaniandikia ndiyo. Nimenyamaza miaka yote nikiona watu wanashukuru kwa niaba yangu." Alipangusa uso kwa kanga. "Hati yangu ya jaruba niliipokea, nayo naipenda. Uchaguzi ukirudiwa, sijui nitasema nini. Nitafikiri. Ila nitasema mwenyewe."

Ilimuuma Nkwimba, tena sana. Ilimuuma kama ule mlango uliofungwa na shangazi zake. Lakini alijua kwamba katika miaka yake yote ya uongozi, huyu ndiye mtu wa kwanza wa Isanga Mpya kumwambia alichokuwa nacho moyoni. Akatoka nyuma ya meza. Ukumbi mzima ulimwangalia akishuka ule mteremko na kupita kati ya mabenchi hadi kwenye kioo kilichozimwa. Goti lake halikunjiki vizuri, kwa hiyo alisimama.

"Wee ukuta," alisema, "mwambie aliyesema kwamba tangu sasa kiti kiko wazi. Na mwambie mimi nitakigombea."

Kisha akasogea kando, maana nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni.